SUV ndogo: Kimo si usalama, nyota nazo zina mipaka

ANAYESIMAMA kando ya Waiyaki Way saa moja asubuhi, mahali magari ya Mountain View yanapojipenyeza katika msafara wa kuelekea mjini, huona dhahiri jinsi mapendeleo ya Wanairobi yalivyobadilika. Magari mafupi aina ya saluni, yaliyokuwa fahari ya familia nyingi miaka ishirini iliyopita, yamewapisha Mazda CX-5, Nissan X-Trail, Subaru Forester, Honda Vezel na Toyota RAV4. Haya ndiyo magari ya kimo cha wastani yanayoitwa SUV ndogo.

Muulize mnunuzi sababu ya kulipa mamilioni ya shilingi kwa gari la aina hiyo, naye atakutajia matuta, mashimo na safari ya kwenda mashambani Desemba. Kisha ataongeza kwamba gari refu ni salama zaidi. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili kupimwa, kwa maana ndiyo inayowafanya wazazi wengi wakope.

Takwimu za NTSA, mamlaka ya kitaifa ya uchukuzi na usalama barabarani, zilionyesha kuwa watu 4,748 waliangamia katika ajali za barabarani humu nchini mwaka 2024. Mahitaji ya magari yanayoweza kuwahifadhi watu yapo, tena si haba. Tatizo ni kwamba magari mengi yanayonunuliwa Kenya ni mitumba kutoka Japani, nayo matokeo ya majaribio ambayo mnunuzi huyaona kwenye intaneti aghalabu yanahusu magari yaliyouzwa Ulaya au Marekani.

Tuanze na majaribio yenyewe. Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari barani Ulaya, lilitoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1997. Katika jaribio lililolipa jina, gari lilivurumishwa kwa kasi ya kilomita 64 kwa saa likagonga kizuizi kinachobonyea, huku asilimia 40 tu ya upana wa uso wake ikigusa kizuizi hicho. Ndani walikaa watu wa sanamu wenye vipimo vya umeme kichwani, shingoni, kifuani na miguuni. Matokeo yalijumlishwa, gari likapewa nyota, kuanzia sifuri hadi tano.

Siri ya gari linalofaulu ni kwamba sehemu yake ya mbele hujikunja kwa utaratibu na kuumeza mshtuko, ilhali chumba cha abiria husalia kizima. Mshipi wa usalama humzuia mtu asirushwe mbele, nao mfuko wa hewa humpokea kichwa na kifua kabla hajafika kwenye usukani. Vitu hivi vitatu hutegemeana. Mfuko wa hewa unaofumuka mbele ya dereva asiyefunga mshipi unaweza hata kumjeruhi, maadamu humkuta amekwisha kusogea karibu mno.

Msomaji ashike hiyo kasi ya kilomita 64. Nguvu ya mgongano haikui sambamba na kasi, bali hukua kwa mraba wake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kiwango kinachoruhusiwa kwenye barabara ya juu ya Nairobi Expressway, hubeba nguvu mara moja na nusu hivi ya ile ya jaribio. Kwa kilomita 110, upeo wa kisheria wa gari la kibinafsi katika barabara kuu, nguvu hiyo hukaribia kuwa mara tatu. Hakuna nyota iliyotolewa kwa mgongano wa namna hiyo.

Nyota nazo huzeeka. Fiat Punto ilipata tano mwaka 2005. Ilipopimwa tena mwaka 2017 kwa masharti mapya, gari likiwa bado linauzwa, liliambulia sifuri. Nissan X-Trail ilikuwa na nyota nne mwaka 2007 na tano mwaka 2014. Anayeambiwa yadini kwamba gari fulani lina nyota tano na aulize kwanza: za mwaka gani, na za nani?

Swali la pili lina uzito, kwani wapimaji hawatazami jambo moja. Nchini Marekani kuna IIHS, taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima, nayo ina mazoea ya kubuni jaribio jipya kila watengenezaji wanapoonekana wamelizoea la zamani. Mwaka 2012 ilianza kuyagongesha magari kwa robo tu ya upana wa uso, yaani asilimia 25, kwa kasi ile ile ya kilomita 64. Ni sawa na gari kugonga mlingoti, au magari mawili kukwaruzana pembe kwa pembe dereva mmoja anapojaribu kulipita lori. Katika mgongano huo vyuma vikuu vya mbele havikutwi kabisa, na gurudumu husukumwa moja kwa moja kuelekea miguu ya dereva.

Mei 2013 taasisi hiyo ilizipima SUV ndogo 13 kwa njia hiyo. Moja pekee, Subaru Forester, ilipata daraja la juu. Mitsubishi Outlander Sport ilikuwa ya kuridhisha. Zilizosalia, zikiwemo Honda CR-V na Mazda CX-5 za wakati huo, zilipata madaraja mawili ya chini. Mazda ilirekebisha CX-5 upesi, na toleo la mwaka uliofuata likapanda. Hiyo ni dalili kwamba udhaifu wenyewe ulikuwa rahisi kuondolewa, ila hakuna aliyekuwa ameuulizia.

Miaka mitatu baadaye IIHS iliuliza swali ambalo sisi tunaoendesha kwa usukani wa kulia tunapaswa kulisikiliza kwa makini. Je, watengenezaji walikuwa wameimarisha upande wa dereva tu, kwa kuwa ndio uliokuwa ukipimwa? Juni 2016 iligongesha SUV ndogo saba upande wa abiria. Ni Hyundai Tucson tu iliyopata daraja la juu. Toyota RAV4 ilipata la chini kabisa. Chumba chake kilibonyea upande wa abiria kwa sentimita 33 zaidi ya upande wa dereva. Hata Forester, iliyosifiwa mwaka 2013, ilionekana hafifu ilipogongwa upande ule mwingine.

Magari hayo yalikuwa na usukani wa kushoto. Gari la Japani lina dereva upande wa kulia, na jaribio la Marekani haliwezi kutuambia kama kiwanda kilihamisha uimara ule hadi kulia kwetu au kiliuacha kushoto. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba alama ya Marekani huvuka bahari pamoja na jina la gari.

Mfano bora ni hiyo hiyo RAV4. Kizazi chake cha nne, kilichoanguka katika jaribio la 2016, hakikuuzwa Japani hata kidogo. Toyota iliendelea kuwauzia Wajapani kizazi cha tatu hadi mwaka 2016, ikaacha pengo, kisha ikarudi na kizazi cha tano Aprili 2019. Hivyo RAV4 iliyotoka Japani kuja Mombasa ama ni ya umbo la zamani kuliko ile iliyopimwa, ama ni mpya kuliko ile. Lawama na sifa za gari la katikati hazimhusu mwenye nayo.

Kuna majaribio mengine mawili ambayo, kwa maoni ya mwandishi huyu, yana manufaa zaidi kwa familia ya Nairobi kuliko jumla ya nyota. La kwanza ni la ubavuni. Mwaka 2021 IIHS ilizidisha uzito wa toroli linalogonga ubavu wa gari hadi takriban kilo 1,900, na kasi yake hadi kilomita 60 kwa saa, ili ifanane na mgongano wa SUV kwa SUV. Kati ya SUV ndogo 20 zilizopimwa, ni Mazda CX-5 pekee iliyopata daraja la juu. Zilizoburura mkia zilikuwa mbili: Mitsubishi Eclipse Cross na Honda HR-V, gari ambalo huku kwetu tunalifahamu kwa jina lake la Kijapani, Vezel. HR-V iliyopimwa ilikuwa ya kizazi kilichotangulia kile cha mwaka 2021.

La pili ni la kiti cha nyuma. Kwa miaka mingi wapimaji waliwatazama walioketi mbele tu, na viwanda vikajifunza kuwahifadhi hao. Mishipi ya mbele ilipewa vifaa vya kuikaza ghafla ajali inapotokea, kisha kuilegeza kidogo ili isivunje mbavu. Mishipi ya nyuma katika magari mengi ilisalia jinsi ilivyokuwa. Desemba 2022 IIHS ilitoa matokeo ya jaribio ambalo ndani yake sanamu ya mwanamke mdogo wa umbo, au mtoto wa miaka 12, iliketishwa nyuma ya dereva. Kati ya SUV ndogo 15, ni Ford Escape na Volvo XC40 zilizopata daraja la juu. RAV4 iliridhisha. Forester na Nissan Rogue, ambayo ni ndugu wa X-Trail, zilikuwa hafifu. CX-5, bingwa wa ubavuni mwaka mmoja tu uliotangulia, ilipata daraja la chini kabisa, sawa na Honda CR-V.

Hii haimaanishi kwamba watoto wahamishiwe mbele. Kiti cha nyuma kingali mahali pao. Maana yake ni kwamba gari linaweza kuwa hodari kwa pigo moja na dhaifu kwa jingine, na kwamba anayewapeleka watoto wanne shule kila siku hana haja sawa na mseja anayesafiri peke yake kwenda Naivasha.

Sasa turudi kwenye kimo. Gari refu lina kitovu cha uzito kilicho juu, na kwa sababu hiyo hupinduka kwa urahisi kuliko saluni dereva anapokata kona kwa pupa au tairi inapotoka nje ya lami. Ndiyo aibu iliyoziandama SUV nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa baada ya kashfa ya Ford Explorer na tairi za Firestone mwaka 2000. Kilichoziokoa hakikuwa chuma zaidi, bali ESC, yaani mfumo wa kielektroniki unaohisi gari likianza kuteleza na kufunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirejesha mkondoni. Utafiti wa IIHS ulionyesha kwamba mfumo huo hupunguza kwa karibu nusu uwezekano wa gari kupata ajali ya peke yake yenye kuua.

Japani iliulazimisha mfumo huo kwa miundo mipya ya magari tangu Oktoba 2012, na kwa miundo iliyokuwa ikiendelea kuuzwa tangu Oktoba 2014, magari madogo kabisa ya kei yakipewa muda zaidi. Mwaka huo huo wa 2012, kuanzia Julai, ilidai pia vishikizo vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto. Kwa kuwa kanuni ya KS 1515, inayosimamiwa na KEBS, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopitisha miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, SUV inayoshushwa bandarini leo itakuwa na vitu hivyo vyote viwili. Zile kuukuu zinazopita kutoka mkono hadi mkono, kama vile Toyota Vanguard na X-Trail za umbo la pembenne, hazina hakikisho hilo. Lau ningetakiwa kutaja kifaa kimoja tu cha kuulizia kwenye SUV nzee, ningetaja ESC kabla ya mfuko wa hewa wa saba au wa nane.

Uzito nao husemwa sana. Ni kweli kwamba gari zito likigongana na jepesi, lile jepesi ndilo huumia. Lakini adui wa SUV ndogo katika barabara ya Nakuru si Vitz, bali ni trela. Tuchukue gari la tani 1.6 linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likakutana ana kwa ana na trela la tani 48 linalokwenda 60. Baada ya kishindo, yote mawili yatakwenda kwa pamoja upande wa trela kwa kasi ya kilomita 55 hivi. Dereva wa trela amepoteza kilomita tano hivi. Dereva wa SUV amebadilishwa mwendo kwa kilomita 135 kwa kufumba na kufumbua. Mbele ya hesabu hiyo, tofauti ya kilo mia mbili kati ya SUV na saluni ni kama tofauti ya kikombe na bilauri mbele ya nyundo.

Kinachosaidia hapo ni kutofika kwenye mgongano. Breki za dharura zinazojifunga zenyewe zimeenea sana katika magari ya Kijapani. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight mwaka 2008, Toyota ikazindua Safety Sense mwaka 2015, na tangu Novemba 2021 serikali ya Japani imezilazimisha breki hizo kwa miundo mipya ya magari ya nchini mwake. Gari la mwaka 2018 au 2019 linaweza kuwa nazo au lisiwe nazo, kutegemea daraja alilochagua mnunuzi wa kwanza. Picha za yadini hazitakueleza. Tazama kitufe chake kwenye dashibodi na kamera nyuma ya kioo cha mbele.

Kamera hizo zina masharti ambayo mafundi wetu wengi hawajayazoea. Kioo cha mbele kikibadilishwa, sharti zipimwe na kulengwa upya. Kamera iliyopinda hata kidogo huweza kuliona lori lililo mbali kuwa karibu, au isilione lililo karibu. Kadhalika, mfumo wa kulibakisha gari katika njia yake husoma mistari iliyopakwa rangi barabarani, na pasipo na mistari hauna la kusoma.

Hapa ndipo mtumba unapotofautiana na gari lililogongeshwa maabara. Sanamu za majaribio huketi ndani ya gari jipya. Sisi hununua gari lililowahi kuishi. Karatasi ya mnada wa Japani huandikwa daraja, na herufi R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa likakarabatiwa. Chuma cha kisasa kinachozunguka chumba cha abiria hupata uimara wake kwa joto maalumu kiwandani. Kikikatwa na kuchomelewa ovyo, hupoteza sehemu ya uimara huo, ingawa rangi itang'aa kama kawaida. Mnunuzi ana haki ya kudai karatasi hiyo, na muuzaji anayesita kuitoa ameshajibu swali.

Mifuko ya hewa ni kisa kingine. Kampuni ya Takata ilitengeneza viripuzi vya kufumulia mifuko kwa kutumia ammonium nitrate, kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Badala ya kuufumua mfuko, kiripuzi kilichoharibika kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Viripuzi vipatavyo milioni 100 viliitwa virudishwe kote duniani, na kampuni hiyo ikafilisika Juni 2017. Honda CR-V, X-Trail na RAV4 za miaka ya 2000 zimo katika orodha hizo. Gari la soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Lina namba ya fremu yenye kistari katikati, nayo hutafutwa kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, si ya Kimarekani. Wengi hutafuta kwenye tovuti ya Marekani, wasione kitu, wakalala usingizi.

Kuna pia uchunguzi usiogharimu hata shilingi. Ukiwasha gari, taa ya alama ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka sekunde chache, kisha izimike. Ikibaki ikiwaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kamwe, huenda mtu ameikata ili usijue kwamba mifuko iliwahi kufumuka na haikurejeshwa. Vitambaa vya ngozi vinavyoshonewa juu ya viti, urembo unaopendwa sana Nairobi, huuziba mshono ambao mfuko wa ubavuni hutokea.

Wala nyaraka za kiwanda si msahafu. Mwaka 2023 Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ilikiri kwamba majaribio yake ya usalama yalichakachuliwa. Kwa SUV ndogo za Rocky na Toyota Raize zenye injini ya mseto, jaribio la kugonga mlingoti lilikuwa limefanywa upande mmoja tu, na takwimu za upande huo zikawasilishwa kana kwamba ni za pande zote mbili. Desemba mwaka huo kamati huru ilitaja kasoro 174 katika miundo 64, na Daihatsu ikasimamisha usafirishaji wa magari yake yote hadi serikali ya Japani ilipoyapima upya na kuanza kuyaruhusu mwaka 2024.

Magari mapya ya bei nafuu yanayoundwa mahsusi kwa soko la Afrika nayo hayana kinga. Mradi wa Global NCAP wa kupima magari ya Afrika, ulioanza Afrika Kusini mwaka 2017, uliipa pikapu ya Nissan NP300 Hardbody nyota sifuri mwaka 2018. Baadaye shirika hilo liligonganisha pikapu mpya ya aina hiyo na Navara ya mwaka 2015 iliyotumika Ulaya. Aliyeketi ndani ya gari la mtumba ndiye angeokoka. Kwa hiyo anayesema mtumba ni hatari na gari jipya ni salama hajasema kitu mpaka ataje ni mtumba upi na jipya lipi.

Hadi hapa tumezungumzia walio ndani. Lakini katika barabara za Kenya watembeao kwa miguu ndio hufa wengi zaidi, na SUV ina la kujibu. Saluni humgonga mtu mzima miguuni na kumlaza juu ya boneti. Gari lenye pua ndefu iliyosimama wima humgonga kiunoni au kifuani, na kumwangusha chini mbele ya magurudumu. Utafiti wa IIHS wa Novemba 2023 ulionyesha kwamba magari yenye boneti ya kimo cha zaidi ya sentimita 100 hivi yana uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kumuua anayegongwa, yakilinganishwa na yenye boneti fupi iliyolala. SUV ndogo nyingi huangukia katikati, na katika kundi hilo umbo ndilo huamua: pua iliyosimama wima huongeza hatari kwa asilimia 26 kuliko iliyoinama.

Japani imekuwa ikipima jinsi boneti inavyoumiza kichwa cha mpita njia tangu mwaka 2003, chini ya mpango wake wa JNCAP. Subaru XV, iliyopata alama za juu kabisa katika majaribio ya mwaka 2016 pamoja na dada yake Impreza, ina mfuko wa hewa unaofumukia nje, chini ya kioo cha mbele, kwa ajili ya mtu asiyekuwa ndani ya gari. Vyuma vizito vinavyofungwa mbele ya bampa humu mjini hufanya kinyume chake: humkuta mpita njia kabla ya boneti laini kumfikia, na katika mgongano na gari jingine huupeleka mshtuko moja kwa moja kwenye fremu, bila kuiacha pua ijikunje jinsi ilivyojikunja siku ilipopewa nyota zake.